Pumzisha Mguu

Fundi aliitoa pleti ya klachi uvunguni mwa gari, akaipangusa kwa tambara, akamkabidhi Mwalimu. Kisha akasimama pembeni, mikono kiunoni, kama daktari anayemwachia ndugu wa mgonjwa nafasi ya kujionea mwenyewe.

Mwalimu aliigeuza huku na huku. Alikuwa amefundisha watu kuendesha gari kwa miaka ishirini na minane, na pleti za klachi alikuwa ameziona za kila namna: zilizopasuka, zilizolowa oili, zilizoungua baada ya mtu kuvuta lori lililokwama. Hii haikuwa na ufa wala alama ya moto. Ilikuwa imelika tu, sawasawa, pande zote mbili, mpaka vichwa vya ribiti vilikuwa vinang'aa kama vifungo vya shati jipya.

"Kilomita ngapi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Elfu thelathini na moja. Na klachi ya gari hili ukiitunza inafika laki moja na ushee, inakucheka." Fundi alichukua beringi, akaizungusha kidoleni, ikakoroma. "Hii haikufa kwa mzigo, Mwalimu. Wala kwa matope. Imelambwa. Kila siku kidogo, kama sabuni ya bafuni. Kuna mtu nyumbani kwako analalia klachi, mguu haumtoki juu ya pedali."

"Nilisema," ilisikika sauti nyuma yao.

Alikuwa Mzee, mume wake, kofia kichwani na mikono mgongoni.

"Ulisema nini?" Mwalimu aliuliza.

"Sijamtaja mtu."

"Hujamtaja, lakini nimeona ulikotazama."

Mzee alikuwa ametazama ndani ya gari, nyuma ya kiti cha dereva, zilipolala buti za mpira zenye matope yaliyokauka hadi kwenye vifundo. Zilikuwa buti za mkwe wao.

Lilikuwa gari la fowili, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, refu, la viti saba, lenye tairi za meno na ngazi ndogo ya kukanyagia kila mlango. Familia ililinunua miaka minne nyuma, kwa sababu barabara ya kwenda kwenye kiwanja chao cha mlimani ilikuwa haipitiki kwa gari dogo. Walioliendesha walikuwa wanne. Mwalimu mwenyewe, mara chache, maana kutwa yake nzima aliimaliza kwenye magari ya shule. Mzee, mpima ardhi aliyestaafu lakini hakuacha kupima. Ukimwambia fulani ni mrefu, atakuuliza mrefu kiasi gani. Mtoto wao wa kiume, fundi umeme. Na mke wa huyo mtoto, daktari wa mifugo, aliyeingia katika ile nyumba mwaka mmoja na nusu uliopita akiwa na sanduku moja la nguo na mawili ya sindano za ng'ombe.

Jioni ile mezani Mzee aliweka uma chini.

"Tupige hesabu tu. Hesabu haina ugomvi na mtu. Gari lina miaka minne. Miaka miwili na nusu ya kwanza tuko watatu, klachi nzima. Mwaka mmoja na nusu tuko wanne, klachi imekufa. Nani ameongezeka?"

"Baba, klachi haifi siku moja," mkwe alisema kwa upole. "Huanza kufa mapema."

"Sawa. Ndiyo maana nataka kumjua aliyeianzisha."

"Mzee," Mwalimu alisema, "hapo unapima kwa kamba yenye fundo."

"Basi wewe ifungue." Alinyanyuka, akaenda kwenye mlango wa jikoni, akautoa ufunguo wa pili wa gari kwenye msumari wake na kuutia mfukoni. Ulikuwa ufunguo ambao mkwe aliutumia. "Utakaa hapa mpaka tujue. Sijamhukumu mtu. Nimesimamisha kazi tu."

Mtoto wao hakusema neno. Alikuwa akichambua chakula kwenye sahani kama anayetafuta waya uliokatika. Mkewe alimtupia jicho mara moja, akangoja, akaona hakuna kitu kinachokuja, akaanza kukusanya vyombo.

Walipobaki wawili jikoni, mkwe alifungua bomba, akasema katikati ya kelele za maji, "Mama, Jumatatu naanza zamu ya chanjo. Wiki tatu, mashamba yote ya kule juu. Walionichukua walitaka daktari mwenye usafiri, nikasema ninao. Jumatatu nikifika kwa miguu, kazi anapewa mwingine. Tena wala sitamlaumu anayempa."

"Umemwambia mumeo?"

"Anajua. Amesema tumwache Baba apoe."

Mwalimu alimtazama. Alimpenda binti huyu kwa namna ambayo hakuwahi kuitafutia jina. Pengine kwa sababu alikuwa hajikombi kwa mtu. Alirudi mezani huku bado anafuta mikono.

"Sikilizeni," alisema. "Makosa ya miguu ndiyo kazi yangu. Nayajua kuliko ninavyoijua mistari ya kiganja changu. Nipeni mpaka Jumapili. Jumapili mchana, hapa hapa mezani, nitautaja huo mguu. Ukiwa wa mkwe wangu, atatafuta usafiri mwingine. Ukiwa wa mwingine, ufunguo unarudi kwenye msumari, na aliyeutoa atauning'iniza mwenyewe."

"Nimekubali," Mzee alisema. Alionekana kufurahi. Siku zote alifurahi kazi ikipewa mtaalamu.

*

Mji mzima ulimjua Mwalimu, na ulimjua kwa maneno mawili. Alikuwa akipita sokoni, mtu anapaza sauti kutoka nyuma ya mizani: "Mwalimu! Pumzisha mguu!" Alikuwa akiingia benki, mlinzi anamfungulia mlango na kunong'ona hayo hayo. Watoto ambao hawajafika hata umri wa baiskeli waliigiza sauti yake, nzito, isiyo na haraka, inayoshuka mwishoni kama mtu anayekaa kitini: pumzisha mguu.

Maneno yenyewe yalizaliwa mlimani. Mwalimu alikuwa na miaka ishirini na mitano, mwanamke wa kwanza kuajiriwa na shule ile ya udereva, na wanaume wawili walikuwa wameshakataa kuingia gari moja naye. Wa tatu alikuja akiwa na tochi, kamba ya kupimia na viatu vyenye vumbi. Alikuwa mpima ardhi kijana ambaye ofisi ilimwambia bila leseni hatapewa gari. Alikubali kufundishwa na mwanamke kwa sababu, alivyosema, mlima haujui nani amekaa kiti cha pembeni.

Lakini mlima ulimshinda. Kila akifika katikati ya mwinuko, gari linazimika, linarudi nyuma, na mguu wake wa kushoto unatetemeka juu ya klachi mpaka goti linagonga usukani. Mara ya tatu alikuwa amelowa jasho na hataki kumtazama mtu. Mwalimu alivuta breki ya mkono, akasubiri kidogo, kisha akasema, kwa sauti ambayo hakuijua kuwa anayo, "Pumzisha mguu."

Kijana alishusha pumzi, mabega yakashuka, na mtetemo ukaisha. Gari likapanda mlima. Baada ya mwaka mmoja walioana, na Mwalimu akayachukua maneno yale na kuyafanya zana ya kazi. Alisema "kanyaga", akasema "badilisha", kisha akasema "pumzisha mguu". Wanafunzi kwa mamia, kisha kwa maelfu. Hakuwahi kumwambia mtu kuwa kila akiyasema husikia kidogo harufu ya vumbi la viatu vya siku ile. Si jambo la kuwaambia wanafunzi, na baada ya miaka kadhaa si jambo la kumwambia hata mume.

Tena, kwenye gari la nyumbani hakuwa na nafasi ya kusema lolote. Siku lilipoingia getini, Mzee alitoa sharti moja: "Humu wewe ni abiria. Nataka mke, sitaki mtahini." Mwalimu alicheka, akahamia kiti cha nyuma na karatasi zake za kusahihisha, na huko ndiko alikokaa miaka minne yote kila mwingine aliposhika usukani, akitazama visogo vya watu.

*

Gari lilitoka gereji Alhamisi jioni likiwa na klachi mpya. Ijumaa asubuhi Mwalimu aliuomba ufunguo kwa Mzee kwa ajili ya mtihani, akapanda kiti cha mbele, na mkwe akashika usukani. Walikuwa wanakwenda kutazama ndama mgonjwa upande wa pili wa mlima.

"Sitakuficha," Mwalimu alisema. "Nimekuja kutazama mguu wako."

"Utazame tu, Mama. Leo nimevaa soksi nzima."

Walipita lami, wakaingia changarawe, kisha ikaja ile barabara ambayo si barabara, ni makorongo yaliyopatana kwenda upande mmoja. Mwalimu aliinama kidogo, akaweka macho chini ya usukani, na hakuyaondoa. Mguu wa kushoto wa mkwe ulikwenda kwenye pedali, ukakanyaga hadi mwisho, ukatoka kama uliogusa sufuria ya moto, na kutua sakafuni kwa kisigino. Gia ya pili, ukaenda, ukarudi sakafuni. Gia ya tatu, vivyo hivyo. Katikati ya mwinuko ng'ombe walikatisha njia wakitembea kwa madaha ya wenye mali. Mkwe alisimama, akavuta breki ya mkono, akatoa gia, mguu sakafuni, akamfokea fahali mmoja kupitia dirishani kana kwamba wanafahamiana.

"Unamjua?"

"Huyo? Alinipiga teke mwezi wa pili. Nami nilimdunga sindano mbili. Hatudaiani."

Mwalimu alicheka mpaka akapangusa macho. Kisha akauliza, "Nani alikufundisha kuendesha?"

"Baba mdogo. Alikuwa dereva wa trekta, akanifundishia trekta hilo hilo. Akiona mguu umebaki juu ya klachi, anavua kofia, ananichapa nayo begani. 'Sakafuni!' Basi. Hakuwa na neno lingine. Hadi leo nikibadilisha gia namsikia."

"Sakafuni," Mwalimu alirudia.

"Ni maneno ya shambani, Mama. Ninyi wa shule mna lugha yenu nzuri."

Walipofika, mkwe alizima gari na kukaa kidogo bila kushuka. "Nimefaulu?"

"Umefaulu. Ningekuwa na wanafunzi kumi kama wewe ningestaafu kesho."

"Basi nikuombe kitu. Kesi hii simtakii mtu mwingine. Ufunguo tu unanitosha." Akachukua mkoba wa dawa, akavaa zile buti, akaenda kwa ndama wake.

Mwalimu alibaki kwenye gari, amani imemjaa moyoni. Aliamini kazi imekaribia kwisha. Walikuwa wamebaki watatu, na mmoja wao ni yeye.

*

Jumamosi asubuhi alimwomba Mzee ampeleke shuleni, na alipofungua mlango wa mbele Mzee alishangaa.

"Kiti cha nyuma kimekukosea nini?"

"Kimenichosha mgongo. Twende."

Mzee alikuwa dereva mzuri. Hakuwahi kugonga hata kuku. Aliondoa gari taratibu, akaingia barabarani, akaweka gia ya pili, ya tatu, ya nne, akaanza kueleza habari za mtaro uliochimbwa vibaya na vijana wa siku hizi wasiojua kusoma mteremko. Mwalimu alitazama chini.

Kiatu cha kahawia cha mguu wa kushoto kilikuwa juu ya klachi. Hakikuikanyaga. Kilikuwa kimelala tu, kama paka kwenye dirisha lenye jua. Kila tairi ilipoingia shimoni, kiatu kilibonyea kidogo, na injini ikapandisha sauti kidogo, halafu ikatulia. Kilomita tano nzima kilikuwa pale pale. Mwalimu alihisi furaha ya mpelelezi ikimpanda kifuani. Tayari alijiona Jumapili mezani akimgeukia mume wake huyu na hesabu zake.

"Mzee. Huo mguu wako wa kushoto unafanya nini?"

"Unapumzika."

"Juu ya klachi?"

"Sasa upumzike wapi, juu ya dashibodi?" Alicheka. "Wewe si ndiye uliyeniambia? Siku ile mlimani, mguu unatetemeka kama cherehani, nimeshaamua nirudi ofisini nikawaambie wanipe punda. Ukasema, pumzisha mguu. Nikaupumzisha hapo hapo ulipokuwa. Na haujatetemeka tena mpaka leo."

Alilisema kwa fahari, na kwa mapenzi pia. Alikuwa amelitunza miaka yote ile, kumbe, kama yeye.

Mwalimu aligeukia dirisha. Mtaro wa Mzee ulipita upande wa kulia, umechimbwa vibaya kweli.

"Mbona kimya?"

"Hakuna kitu. Kata kushoto hapo mbele."

*

Katika chumba cha mafunzo kulikuwa na ubao, mabenchi manne, na kiti cha gari bovu kilichofungwa kwenye mbao, mbele yake vipande vitatu vya mti vyenye springi vilivyokuwa pedali. Wanafunzi wa Jumamosi walikuwa saba. Mwalimu hakufungua kitabu.

"Leo mtakaa hapa mmoja mmoja. Mtakanyaga klachi, mtabadilisha gia, kisha nitasema neno langu. Fanyeni mnavyoelewa. Hakuna kukosa wala kupata."

Wa kwanza alikuwa mlinzi wa ghala. Mwalimu alisema, "Pumzisha mguu." Mlinzi aliulegeza mguu, akauacha juu ya kipande cha mti. Wa pili alikuwa mama mshonaji, naye akauacha. "Kama kwenye cherehani yangu," alieleza, "nikichoka nauacha pale pale." Wa tatu aliushusha chini. Wa nne, wa tano, wa sita, juu ya klachi. Wa saba, mtu wa makamo aliyekuwa mwandishi wa barua za watu, aliuweka juu, akafikiri, akaushusha, akafikiri tena, akaurudisha juu.

"Kwa nini umeurudisha?"

"Mwalimu, mtu akiwa njiani ukamwambia apumzike, anakaa hapo hapo alipo. Hujamwambia arudi nyumbani. Ungetaka niutoe, ungesema utoe."

Darasa lilicheka. Mwalimu naye alicheka, maana jibu lilikuwa sahihi kabisa. Kisha akaenda dirishani, akasimama akitazama uani.

Magari matatu ya shule yalikuwa pale, kila moja na kibao chake juu. Yalikula klachi kama karanga, na miaka yote watu walisema ni kawaida, ni magari ya wanafunzi. Yeye mwenyewe alisema hivyo. Akiwa kiti cha pembeni alitazama barabara, alitazama mikono, alitazama vioo. Mguu ulikuwa gizani chini ya usukani, naye alikuwa ameshauamuru upumzike, basi aliamini umepumzika. Nje ya geti magari yalikuwa yanapita, moja baada ya jingine, na Mwalimu alijua wengi wa wale madereva kwa sura. Miguu yao ya kushoto aliiona sasa kupitia milango, yote imelala, imetulia, inatii.

Alipotoka alipitia gereji. Fundi alikuwa ameketi juu ya tairi anakunywa chai.

"Niambie ukweli," Mwalimu alisema. "Klachi zinazokuja hapa, nyingi ni za namna ile? Za sabuni?"

Fundi aliweka kikombe chini, akajikuna kichwa. "Nyingi."

"Na watu wewe huwaambiaje?"

"Nawaambia barabara mbaya. Ni kuwafariji tu."

"Na huwauliza walijifunza kwa nani?"

"Mwanzoni niliuliza. Nikaacha." Akatazama mbali. "Walikuwa wanakutaja kwa heshima, Mwalimu. Wengine mpaka wanasimama. Sasa mimi ningeanzia wapi? Na mimi mwenyewe umenifundisha wewe."

"Na mguu wako unakaa wapi?"

Fundi alitazama kiatu chake kilichojaa grisi kana kwamba ni cha mtu mwingine. "Siku hizi najitahidi," alisema.

*

Jumapili mchana walikaa wanne. Mzee alivaa shati la mikono mirefu, kama anayekwenda kusikiliza matokeo. Mkwe alikuwa amekunja leso yake mara nne na anaikunja mara ya tano. Kwa usiku mzima Mwalimu alikuwa amelala vizuri, jambo ambalo lilimshangaza. Njia rahisi ilikuwepo, tena ilikuwa ya kweli: mguu ni wa Mzee. Angeusema, wangecheka, ufunguo ungerudi, na maneno yake mawili yangebaki safi mjini. Aliipima njia hiyo wakati anavaa, akaiona ni fupi mno kwa safari iliyobaki. Jumamosi iliyofuata angekuwa tena mbele ya wale wanafunzi saba, na angewaambia nini?

"Mkwe wangu mguu wake ni safi," alianza. "Sijaona mguu safi kama ule tangu nianze kazi. Mguu ulioua klachi ni wako, Mzee."

Mzee aliinua nyusi. "Wangu?"

"Na wako, mwanangu," alimgeukia kijana. "Sijapanda nawe, lakini najua. Klachi ukishaiachia, mguu unauweka wapi?"

Kijana alifikiri. Chini ya meza kandambili yake ilisikika ikisogea, ikitafuta. "Juu yake," alisema taratibu. "Naupumzisha."

"Mmeona? Kila mtu anaupumzisha. Miguu ni yenu, lakini mdomo ni wangu. Mimi nilikuwa na maana ya sakafuni, ninyi mkasikia mlichosikia, na mlisikia sawasawa. Kosa ni langu, la miaka ishirini na minane, na si ninyi tu. Ni mji. Katika nyumba hii aliyepona ni mmoja, na amepona kwa sababu sikumfundisha mimi."

Mzee alisema, kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo siku ile mlimani..."

"Siku ile nilisema vizuri," Mwalimu alimkatiza. "Siku ile gari lilikuwa limesimama na breki ya mkono imevutwa. Ungeweza kuupumzisha popote. Baada ya pale ndipo nilipokosea, nikaligeuza neno la mtu mmoja kuwa la kila mtu."

Mzee alimtazama mke wake kwa muda mrefu, na uso wake ukafanya kitu ambacho mtoto wake hakuwahi kukiona, kijana akainamia sahani kwa aibu.

"Hesabu," Mzee alisema mwishowe, akikohoa, "haikuwa na kosa. Nilipima kuanzia jiwe la mpaka lisilo sahihi. Kumbe huu mwaka mmoja na nusu, siku alizoendesha mkwe wangu ndizo zilizokuwa zinaipa klachi uhai."

"Nilikuwa naipa likizo, Baba," mkwe alisema.

Mzee alicheka kwanza, ndipo wengine wakathubutu. Alitia mkono mfukoni, akasimama, akaenda hadi mlango wa jikoni na kuning'iniza ufunguo. Kisha, kama asiyeridhika, akautoa tena, akarudi nao mezani na kumpa mkwe kwa mikono miwili. "Kesho uwahi. Barabara ya juu ina ukungu asubuhi. Unisamehe, mwanangu."

"Yameisha, Baba."

Kijana alimgeukia mkewe. "Nami nilikaa kimya."

"Ulikaa," mkewe alisema. "Hilo tutaliongea sisi wawili." Lakini alimsogezea bakuli, na kijana akashusha pumzi.

Mzee alikuwa bado amesimama. Alichukua kofia yake kwenye kiti. "Na mimi naanza lini?"

"Kuanza nini?"

"Mafunzo. Klachi mpya ina siku tatu tu, na nimeshailalia kilomita kumi. Mkwe wangu, nifundishe. Yule baba yako mdogo alikuwa anafanyaje?"

Mkwe alishika mdomo. "Alikuwa ananichapa na kofia, Baba. Mimi siwezi kumchapa baba mkwe."

"Hilo niachieni," Mwalimu alisema, akaichukua kofia mkononi mwa Mzee. "Mimi nina miaka ishirini na minane ya kulipia."

Dakika chache baadaye gari lilitoka getini. Mzee alikuwa kwenye usukani, mgongo umenyooka, mkwe kiti cha mbele, na Mwalimu kiti chake cha nyuma, safari hii bila karatasi. Gia ya pili. Kiatu cha kahawia kilinyanyuka, kikasita, kikaanza kurudi taratibu mahali pake pa siku zote. Kofia ilishuka begani kutoka kiti cha nyuma.

"Sakafuni!"

"Nimesikia!"

Gia ya tatu. Kiatu kiliyumba, kikatua chini peke yake, na mkwe akapiga makofi. Walipofika njia panda, gari dogo la kijani lilisimama ubavuni mwao. Dereva wake, mwanamume mnene mwenye miwani, alimtambua abiria wa nyuma, akashusha kioo na uso wote ukafunguka.

"Mwalimu! Pumzisha mguu!"

Mwalimu alisikia ile harufu ya vumbi, kidogo tu, kama kawaida, kisha ikapita. Aliinama dirishani akajaribu kuona chini ya usukani wa gari la kijani, hakuona kitu, wala hakuhitaji kuona.

"Mzee, sogea pembeni usimamishe gari," alisema, na tayari alikuwa anafungua mlango, kofia mkononi. "Yule naye ni wangu."